Kukopa arusi, kulipa matanga: tunaikumbuka sinema ya "Tabu"

 Wiki hii naomba mniruhusu niweke kando bei ya sukari na foleni za barabarani, nizungumze nanyi juu ya sinema ya mapenzi. Ni sinema ya zamani sana. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York mwezi Machi 1931. Haina rangi, na waigizaji wake hawasikiki wakisema neno hata moja. Jina lake ni "Tabu".

Mswahili akilisikia jina hilo hufikiri mara moja ni ile tabu yetu, tabu ya maisha, tabu ya kutafuta nauli asubuhi. Sivyo. Neno letu tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ni dhiki na uchovu. Hilo la kwenye sinema limetoka upande mwingine kabisa wa dunia, katika visiwa vya Polinesia, kwenye Bahari ya Pasifiki. Wenyeji wa huko husema "tapu", na wale wa Hawaii husema "kapu". Nahodha Mwingereza James Cook alilisikia kwa watu wa Tonga mwaka 1777, akaliandika katika kumbukumbu zake za safari, na tangu hapo likaenea katika lugha za Ulaya. Maana yake ni kitu kilichopigwa marufuku kwa sababu ni kitakatifu. Usikiguse, usikikaribie, wala usikitamani. Kwa Kiswahili chetu tungesema mwiko. Hata hivyo, nikimaliza kusimulia mtaona kwamba maneno hayo mawili, lao na letu, yanakutana mwishoni mwa sinema hii kama ndugu waliopoteana.

Kwanza tupajue mahali penyewe. Polinesia ni visiwa zaidi ya 1,000 vilivyotawanyika katika pembetatu kubwa ya bahari. Kaskazini iko Hawaii, kusini magharibi iko New Zealand, na mashariki kabisa kiko kisiwa cha Rapa Nui. Sinema hii ilipigwa katika kisiwa cha Tahiti na kisiwa kidogo cha Bora Bora, kilicho zaidi ya kilomita 200 kutoka Tahiti. Visiwa hivyo vilikuwa tayari chini ya Wafaransa. Bora Bora ni mlima uliosimama katikati ya maji matulivu, na kwa nje umezungukwa na mwamba wa matumbawe unaoyavunja mawimbi ya bahari kuu. Mtu wa Pemba au wa Lamu akiiona picha hiyo hatajihisi mgeni. Minazi ni ile ile. Hata ngalawa zao zina mirengu kama za kwetu, na wataalamu wengi wanaamini kwamba ufundi huo ulifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na mabaharia wa jamii hiyo hiyo kubwa ya lugha, wale waliohamia Madagaska zamani za kale.

Hadithi yenyewe ni hii. Yupo kijana mmoja, jina lake Matahi, mvuvi hodari wa mkuki, mcheshi, mwili wake umejengeka kwa kazi. Siku moja yeye na wenzake wanafuata mto kwenda juu, wanakuta wasichana wanaoga penye maporomoko ya maji. Miongoni mwao yumo Reri. Macho yanakutana, na yaliyofuata mnayajua wenyewe. Hakuna anayetamka "nakupenda", maana sinema ni bubu, lakini mtazamaji hahitaji kuambiwa.

Wakiwa katika furaha hiyo, inatokea merikebu. Hapo ndipo penye mandhari ambayo sijaisahau hata leo. Kisiwa kizima kinaingia majini. Ngalawa baada ya ngalawa zinasukumwa, vijana wanapiga kasia kwa kushindana, watoto hawakubali kuachwa nyuma, na dakika chache baadaye watu wamekwisha panda chomboni kwa kamba na kwa mikono, wamejaa kila mahali kama ndege juu ya mkuyu. Mtu yeyote aliyekulia karibu na bandari anaijua furaha hiyo ya kupokea chombo.

Lakini lo! Chombo hicho kimebeba balaa. Ndani yake yumo mzee Hitu, mwenye uso mgumu usiojua tabasamu, aliyetumwa na mtawala wa kisiwa kingine. Ameshika ujumbe ulioandikwa, nao unasomwa mbele ya watu wote. Yule bikira aliyewekwa wakfu kwa miungu amefariki, na Reri ndiye aliyechaguliwa kushika nafasi yake. Kuanzia saa hiyo Reri ni tabu. Hakuna mwanamume wa kumgusa wala kumtazama kwa tamaa, na atakayevunja mwiko huo malipo yake ni kifo.

Kijiji kinafanya sherehe, maana kuchaguliwa ni heshima. Reri ameketi huku amevikwa maua, uso ameuinamisha. Ngoma zinalia. Matahi anaingia uwanjani kucheza, na Reri anashindwa kujizuia, anainuka kucheza naye, mpaka mzee Hitu anaikatiza ngoma. Usiku huo Matahi anamtorosha mpenzi wake kutoka merikebuni, na wawili hao wanapotelea baharini kwa ngalawa.

Mpaka hapo ni sehemu ya kwanza, ambayo watengenezaji waliiita Pepo. Sehemu ya pili waliiita Pepo Iliyopotea.

Wapenzi wetu wanafika kisiwa kingine, penye biashara ya lulu. Huko kuna maduka, askari, vinywaji vya chupa na watu wa kila aina. Miungu ya zamani haina nguvu tena huko, nao wanadhani wamepona. Matahi, kwa kuwa maji ameyazoea tangu utotoni, anakuwa mpiga mbizi bora kuliko wote. Siku moja anaibuka na lulu kubwa. Kisiwa kinashangilia, inafanywa karamu, watu wanacheza na kunywa mpaka usiku. Na kila chupa inayofunguliwa inaandikwa kwa jina la Matahi. Analetewa karatasi, anaambiwa atie sahihi. Matahi hajui fedha ni kitu gani. Kwao ukivua samaki wengi mnakula wote. Anatia sahihi huku anacheka, kama mtu anayecheza mchezo mpya.

Wahenga wetu walisema, kukopa arusi, kulipa matanga. Sijui kama kuna sinema nyingine duniani iliyoonyesha methali hiyo waziwazi namna hii.

Kwa maana balaa linawafuata. Askari wa kisiwa anapokea amri ya kuwakamata, na Matahi anamziba mdomo kwa lulu. Kisha Hitu mwenyewe anatokea usiku katika mwanga wa mwezi, anampa Reri muda wa siku 3, ama arudi ama Matahi afe. Reri anahesabu akiba yao, anaona inatosha nauli ya meli ya kwenda Papeete, mji mkuu wa Tahiti. Matahi anakwenda kukata tiketi. Fedha ziko mkononi, meli ipo, tiketi ipo. Hapo ndipo wenye duka wanapozitoa zile karatasi za karamu. Fedha zote zinakwenda, na tiketi inarudi ilikotoka.

Matahi hamwambii Reri. Naomba mpazingatie hapo, wasikilizaji. Kijana aliyekuwa tayari kupambana na miungu na wafalme, deni limemtia aibu mpaka ananyamaza mbele ya mtu anayempenda kuliko wote. Na Reri naye hamwambii Matahi habari za Hitu, kwa kumwonea huruma. Kila mmoja anamficha mwenzake ili asimwumize, na katikati ya siri hizo mbili ndimo msiba unamopita.

Usiku wa mwisho Matahi anatoka kimya kimya kwenda kuzamia mahali palipokatazwa, penye papa aliyekwisha ua mpiga mbizi, ili apate lulu moja ya kulipa madeni na nauli. Anapambana na papa, anashinda, anarudi na lulu. Nyumbani anakuta barua. Reri amekwenda na Hitu ili yeye Matahi abaki hai. Anatimua mbio, anaingia majini, anaogelea kulifuata tanga. Anaifikia kamba ya chombo, anaishika. Mzee Hitu anaikata kamba kwa kisu. Matahi anaendelea kuogelea, chombo kinazidi kwenda, mikono inalegea, na bahari inamfunika. Tanga linatokomea.

Mimi niliitazama sinema hii kwa mara ya kwanza nikiwa kijana, katika ukumbi wa kituo kimoja cha utamaduni, mashine ikiunguruma nyuma yetu. Tuliingia kwa sababu kiingilio kilikuwa bure. Mwanzoni vijana walipiga miluzi na kucheka, maana picha ilikuwa ya kizee na inakwaruza. Ngoma ilipoanza, kicheko kikapungua. Kamba ilipokatwa, ukumbi mzima ulinyamaza. Baadaye tukiwa njiani tulibishana mpaka kituo cha basi, nani amemwua Matahi. Wengi walisema mzee Hitu. Wengine walisema Matahi kajiua kwa kuvunja mila. Binti mmoja tuliyekuwa naye alisema, "Aliyemwua ni mwenye duka." Tulimcheka. Nimeitazama tena mara kadhaa tangu wakati huo, na kila nikiitazama namwona yule binti alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi sote.

Tazameni jinsi sinema ilivyotengenezwa. Sinema nyingi za bubu zilikuwa zikikatiza picha kila mara ili kuonyesha maneno ya wasemaji. Hii karibu haifanyi hivyo. Maneno unayoyasoma humo yako kwenye karatasi zilizomo ndani ya hadithi yenyewe: ujumbe wa mtawala, amri ya askari, hati za deni, barua ya kuagana. Na kila karatasi inayojitokeza inaleta msiba. Watu wanapokuwa hawana karatasi mbele yao wanacheza, wanaoga, wanavua. Karatasi ikifunguliwa tu, ujue kuna kitu kitachukuliwa.

Ila karatasi hizo hazilingani. Ule mwiko wa Hitu, hata ukiwa mkali, ulitangazwa hadharani. Matahi aliusikia, Reri aliusikia, mtoto mdogo aliusikia. Aliyeuvunja aliuvunja huku anajua. Karatasi ya deni haikutangazwa na mtu. Ililetwa wakati wa kicheko, ikatiwa sahihi katikati ya ngoma, ikakunjwa na kuwekwa mfukoni mpaka siku ambayo Matahi alizihitaji fedha zake kuliko siku nyingine yoyote. Mwiko wa zamani ulimwambia, "ukifanya hivi utakufa." Mwiko mpya ulimwambia, "weka sahihi hapa, kisha endelea kufurahi."

Sasa niwaeleze kidogo habari za waliotengeneza. Mwongozaji alikuwa Mjerumani, F. W. Murnau, aliyezaliwa mwaka 1888 na kupata sifa duniani kwa sinema ya kutisha iitwayo "Nosferatu" ya mwaka 1922. Alipochoshwa na wakubwa wa Hollywood waliokuwa wakimwingilia kazi yake, alinunua mashua, akaipa jina Bali, akasafiri nayo mwaka 1929 kuelekea Tahiti. Mwenziwe katika kazi hiyo alikuwa Mmarekani Robert Flaherty, ambaye alikuwa amekwisha tengeneza sinema juu ya maisha ya watu wa barafuni, na nyingine iitwayo "Moana" huko Samoa. Waliitunga hadithi pamoja, lakini hawakupatana. Flaherty alipenda kuonyesha maisha ya watu kama yalivyo, na Murnau alitaka hadithi ya mapenzi. Mwishowe ikawa zaidi kazi ya Murnau.

Ajabu ni kwamba wao wenyewe waliingia katika taabu ile ile ya Matahi. Kampuni iliyoahidi kugharimia kazi haikuleta fedha kama ilivyosema. Mafundi waliotoka Hollywood walirudishwa makwao ili kupunguza gharama, wenyeji wakafundishwa kazi za utengenezaji, na Murnau akatia fedha zake mwenyewe. Waigizaji hawakuwa watu wa jukwaani, walikuwa wakazi wa visiwa. Mpiga picha, Floyd Crosby, alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hii, na anayeitazama haulizi kwa nini, maana maji yale yanamemetuka ingawa picha ni nyeusi na nyeupe.

Murnau mwenyewe hakuiona siku ya uzinduzi. Tarehe 11 Machi 1931, wiki moja kabla sinema haijaonyeshwa, alifariki kutokana na ajali ya gari huko California akiwa na umri wa miaka 42. Reri, ambaye jina lake halisi ni Anne Chevalier, alichukuliwa kwenda New York kucheza dansi jukwaani, kisha Ulaya. Nchini Poland alicheza katika sinema ya mwaka 1934 ambayo jina lake kwa Kiswahili ni "Lulu Nyeusi", kama binti wa Tahiti anayeletwa Warsaw na baharia. Kwa hiyo hata nje ya hadithi aliendelea kuwa lulu inayosafirishwa. Hatimaye alirudi kwao, akafariki Tahiti mwaka 1977. Mwaka 1994 Marekani iliiweka sinema hii katika orodha ya taifa ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa.

Wapo watakaosema, na wana haki, kwamba hii ni ndoto ya Mzungu kuhusu visiwa vya watu wengine. Ni kweli kwamba wamisionari kutoka London walifika Tahiti mwaka 1797, na mtawala wa huko, Pomare wa Pili, alibatizwa mwaka 1819. Mwaka 1929 watu wa Bora Bora walikuwa wanakwenda kanisani Jumapili kama wakazi wa Moshi au Masasi. Watengenezaji waliwavisha tena mavazi ya mababu zao, na hadithi ya bikira wa miungu waliitunga wao. Pepo ile ya sehemu ya kwanza, kwa namna walivyoionyesha, haikuwepo.

Lakini sehemu ya pili haikuhitaji kutungwa. Katika visiwa vya Tuamotu, mashariki ya Tahiti, watu walizamia kweli kutafuta chaza, bila hewa ya mtungi, mita 20 mpaka 30 kwenda chini, mara nyingi kwa siku. Walichotafuta zaidi ni gamba lenyewe, ambalo lilitengenezewa vifungo vya nguo huko Ulaya, na lulu ilikuwa bahati. Waliozidisha kuzamia walipatwa na maradhi wanayoyaita "taravana", ya kizunguzungu, kupooza na hata kifo. Na duka lililowakopesha chakula na nguo ndilo lililonunua magamba yao. Sinema inawaonyesha wenye duka hao kuwa ni Wachina. Ni kweli Wachina walikuwepo, wakwanza wao waliletwa Tahiti mwaka 1865 kulima pamba, na wengi baadaye wakafungua maduka. Lakini tusiwabebeshe wao peke yao mzigo. Vifungo vile havikuvaliwa na Wachina.

Na tusidhani hayo yalikuwa ya Pasifiki tu. Wasikilizaji wa pwani wenye jamaa Oman na Ghuba wanalijua neno lulu kwa namna nyingine. Huko nako wazamiaji walichukua malipo ya mbele kutoka kwa nahodha kabla ya msimu, na msimu ukiwa mbaya deni lilivuka mwaka, mara nyingine likavuka kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Miongoni mwa wazamiaji hao walikuwemo watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu hii, na watoto wao. Miaka ile ile ambayo Murnau alikuwa Bora Bora, bei ya lulu za Ghuba iliporomoka, kwa sababu ya mdororo wa uchumi wa dunia na kwa sababu Wajapani walikuwa wamejua kuzizalisha lulu kwa kuzipandikiza ndani ya chaza. Lulu ilishuka bei, lakini madeni ya wazamiaji hayakupungua.

Basi tukiikumbuka sinema hii tusiikumbuke kwa machozi ya mapenzi peke yake. Nchini kwetu sasa karatasi ya Matahi imehamia kwenye simu. Kijana anaposa, anataka shughuli yenye hadhi, anabonyeza "nakubali" mara 3 na fedha zinaingia kabla hajamaliza kikombe cha chai. Masharti yako pale, marefu, kwa herufi ndogo, na hakuna anayeyasoma. Namjua mvuvi mmoja, jina lake nalihifadhi, aliyepewa mashine ya boti kwa mkopo na kuwekewa mbele yake karatasi ya lugha asiyoijua. Alitia dole gumba siku watu walipokuwa wanampongeza. Samaki walipoadimika miezi 3, walikuja kuchukua mashine, na boti nayo ikaenda, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa humo. Mkewe alijua siku boti ilipokokotwa. Mume alikuwa ameona haya kumwambia.

Mnaona? Matahi yule yule.

Sisemi watu wasikope. Kukopa si dhambi, na dawa ya deni ni kulipa. Nasema mambo mawili tu. La kwanza, anayekopesha aseme masharti yake hadharani na kwa lugha ya anayekopa, kama mzee Hitu alivyousoma mwiko wake mbele ya kijiji kizima. Mzee yule alikuwa mkali, lakini hakumvizia mtu katikati ya ngoma. Sheria inayostahili kutiiwa ni ile iliyotangazwa kabla, siyo ile inayotolewa mfukoni siku ya kukata tiketi.

La pili ni la nyumbani. Kama Matahi angemwambia Reri, "fedha zimekwenda", na kama Reri angemwambia Matahi, "nimepewa siku tatu", huenda wangefikiri pamoja. Walikuwa na ngalawa, walikuwa na nguvu, na walikuwa wamekwisha toroka mara moja kwa msaada wa upepo tu. Kilichowashinda siyo miungu na siyo papa. Kila mmoja alibeba mzigo wake gizani, akidhani ndiyo mapenzi. Wapenzi wasikilizaji, mwenye deni nyumbani kwake leo na amwambie mwenziwe leo. Aibu ya kusema ni ya usiku mmoja. Deni lililofichwa hukaa na nyumba nzima mpaka siku linapofichuka.

Ndiyo maana nilisema mwanzoni kwamba tabu yao na tabu yetu zinakutana. Wale vijana wawili walikimbia mwiko, wakaangukia dhiki. Atakayepata nafasi ya kuitazama sinema hiyo na aitazame, pamoja na watoto wake wakubwa. Ni ya dakika zisizofika 90. Watacheka mwanzoni kama tulivyocheka sisi. Na ikifika ile karamu, Matahi akipewa karatasi, msiwaeleze kitu. Waacheni waulize wenyewe, "Anatia sahihi nini?"